Popo wa Darini: Tuwajue Kabla ya Kuwafukuza



Leo nataka tuzungumze juu ya jirani ambaye wengi wetu tunaye, ingawa hatukumwalika. Anarudi nyumbani alfajiri sisi tukiamka, na anatoka magharibi sisi tukirudi kazini. Halipi kodi wala hasalimii mtu. Akipita juu ya vichwa vyetu tunajifunika leso haraka. Jirani huyo ni popo.

Habari hizi naziandika kwa sababu sisi wa Shimanzi tulifanya kosa, na mimi nilikuwa kati yao. Kosa lenyewe lilitutia hasara, na nusura litutie msiba. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Nami naongeza: asiyekujua pia hajui kujikinga nawe.

YALIYOTUPATA

Wanaoijua Shimanzi wanajua si mahali pa bustani. Ni magodauni, malori, bohari za mafuta na reli, na katikati yake watu wanatafuta riziki. Kikundi chetu kilikodi chumba cha zamani nyuma ya magodauni hayo ili tuweke mahindi na maharagwe. Tulinunua kwa jumla, tukagawana kwa bei nafuu, na faida ikaingia katika sanduku la mikopo. Chumba kilikuwa na paa la mabati na dari ya mbao iliyochoka.

Ikifika kama saa kumi na mbili na nusu jioni, popo wadogo walitoka kwenye upenyo chini ya mabati, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaotoka kazini. Asubuhi tulikuta mavi yao juu ya magunia, meusi na madogo kama ya panya. Akina mama wakachoka kufagia. Basi tukaitisha mkutano.

Kila mtu alikuja na lake. Mama mmoja alisema popo wakiingia nyumba ni ishara ya uchawi. Mwingine alikumbusha mwaka wa 1995, Unguja na Pemba zilipojaa hofu ya Popobawa, watu wakalala nje makundi makundi. Kijana mmoja akasema, "Na Korona je? Si tuliambiwa imetoka kwa popo?" Mlinzi wa godauni la jirani, mzee wa makamo, alikuwa amekuja kuteka maji. Akatuambia kwa upole, "Mwalimu, hawa wadudu wenu hutoka usiku. Mkitaka kuziba, ngojeni watoke kwanza." Tulicheka. Fundi alikuwa amekwisha kuja, na fundi analipwa kwa siku. Saa sita mchana upenyo ukazibwa kwa saruji.

Siku ya tatu harufu ikaanza. Popo walikuwa wamefungiwa ndani, wakubwa kwa wadogo. Funza wakadondoka kutoka darini, na magunia mawili ya mahindi tukayatupa. Popo wengine walipenya kwenye nyufa za dari wakaangukia chumbani. Mtoto wa miaka saba wa mwanachama wetu alimwokota mmoja aliyekuwa akihema sakafuni, akamchukua kama kifaranga ili ampe maji. Akang'atwa kidole.

Mamake alidhani ni jambo dogo kama jino la panya, akapaka mafuta ya taa. Mimi nilisikia kesho yake, na sikulala. Tulimpeleka hospitali, jeraha likasafishwa upya, na mtoto akaanza sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Leo ni mzima na anasoma, twamshukuru Mungu. Lakini nauli na gharama zilitoka katika sanduku, na dada aliyekuwa zamu yake ya kukopa akangoja miezi miwili. Alitaka kuanza biashara ya viazi karai. Hakuninung'unikia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku nilipokuwa nikimsindikiza mtoto kwenye sindano ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma: huyu popo ni nani hasa?

POPO NI NANI?

Popo si ndege. Kitabu cha Walawi kinamtaja pamoja na ndege wasioliwa, kwa kuwa watu wa zamani walipanga wanyama kwa jinsi walivyowaona wakiishi, na anayeruka alihesabiwa na wanaoruka. Lakini popo hana manyoya ya ndege wala hatagi mayai. Ana nywele, anazaa, ananyonyesha. Katika wanyama wote wanyonyeshao, ni yeye peke yake anayeruka kwa kupiga mbawa. Bawa lake ni mkono: tazama vizuri utaona vidole virefu vilivyounganishwa kwa ngozi nyembamba.

Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo, na Kenya peke yake ina aina zaidi ya 100. Kwa matumizi yetu tuwagawe makundi mawili.

Kundi la kwanza ni popo wadogo walao wadudu. Hawa ndio wa darini, wa mapangoni na wa nyufa za kuta. Wanapiga sauti nyembamba ambayo sikio letu kwa kawaida haliisikii. Sauti ikigonga kitu inarudi, na popo anajua hapo pana ukuta au pana nondo. Kwa hivyo ile habari ya popo kunasa nywele za akina mama ni hofu tu. Anapopita karibu na kichwa chako anafuata mbu anaokuzunguka.

Kundi la pili ni popo wakubwa walao matunda na utomvu wa maua. Wana uso kama wa mbwa mdogo na macho makubwa. Ati popo ni kipofu? La. Hawa huona vizuri sana gizani na kunusa embe lililoiva kutoka mbali.

Jambo moja tuliweke moyoni. Panya huzaa watoto wengi mara nyingi kwa mwaka, lakini popo wa aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, na anaweza kuishi miaka mingi, wengine hata ishirini na zaidi. Ukiua kundi la popo leo, halirudi kesho. Pale chumbani kwetu tulimaliza kwa mchana mmoja kundi lililokua kwa miaka.

KAZI ANAYOTUFANYIA

Hebu tuanze na mabuyu. Nani wa Mombasa hajala mabuyu yaliyopakwa rangi nyekundu na sukari? Watoto wa Mji wa Kale wanayajua, na wageni huyabeba kama zawadi. Mbuyu hufungua maua yake jioni. Ni maua makubwa meupe, yananing'inia chini na harufu yake ni kali, na kesho yake huanguka. Nyuki wa mchana anakuta karamu inakwisha. Popo wa matunda ndiye afikaye usiku, anatia uso katika ua kunywa utomvu, anatoka na unga wa ua umemjaa kifuani, anaupeleka mti mwingine. Hivyo mbuyu unabeba matunda.

Ukipita Mama Ngina pale baharini, itazame mibuyu ile mikubwa. Mchana twakaa kivulini mwake kula mihogo, na usiku wafanyakazi wengine huingia zamu. Na ubuyu siku hizi si peremende ya watoto tu. Mwaka wa 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula. Vikundi vya Kilifi na Kwale vinavyookota na kuuza ubuyu vinakula jasho la popo bila kujua.

Msufi nao ni hivyo hivyo. Maua yake hufunguka usiku na popo huyahudumia. Ukilalia mto wa sufi, mkumbuke.

Kazi nyingine ni kupanda miti. Popo wa matunda hutafuna, akafyonza maji, akatema makapi. Mbegu ndogo huzimeza na kuziangusha mbali akiwa anaruka. Wale popo wakubwa wa rangi ya majani makavu huweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja, na ni kati ya wapandaji wakubwa wa mvule, mti wa mbao zetu ngumu. Sisi tukipanda miche mia moja tunaalika mgeni wa heshima na kupiga picha. Popo hapigi picha.

Kazi ya tatu ni kula wadudu. Popo mdogo akiwa na njaa huweza kula wadudu wa uzito wa nusu ya mwili wake na zaidi kwa usiku mmoja. Anakula nondo ambao viwavi vyao huharibu mimea shambani, anakula mende warukao, kumbikumbi, na mbu pia. Lakini tuseme ukweli: popo hatamaliza malaria. Mbu ni chakula chake kimoja kati ya vingi, na chandarua chako kibaki pale pale kitandani. Faida yake kubwa iko shambani, kwa mkulima asiye na pesa za kununua dawa ya kunyunyiza.

Mwisho ni mavi yake. Ni samadi nzuri, yana naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Namna ya kuyashika nitaieleza hapa chini, maana nayo ina hatari yake.

HATARI ZAKE, TUSIFICHANE

Kuna watu wanaopenda wanyama mpaka wanaficha ubaya wao. Hilo si fundisho zuri. Popo ana hatari, na ukizijua huna haja ya kumwogopa kupita kiasi.

Ya kwanza ni kichaa cha mbwa na jamaa zake. Duniani, hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa. Kwa hivyo mbwa asiyechanjwa mtaani ni hatari zaidi kuliko popo wote wa darini. Lakini popo wachache hubeba virusi vya ukoo huo. Mwaka wa 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Ulikuwa mkwaruzo tu. Baada ya wiki chache, akiwa kwao, aliugua na akafariki. Mwaka wa 2009 wataalamu walipata kirusi kingine cha ukoo huo katika popo aliyekufa kwenye pango hapa Pwani ya Kusini, wakakiita kwa jina la Shimoni. Dalili za ugonjwa huu zikianza, dawa hakuna. Kinga ni kuwahi.

Ya pili ni Marburg. Mwaka wa 1980 na tena 1987, watu wawili waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, walipata ugonjwa huu wa kutoka damu, wakafa. Baadaye wataalamu waligundua Uganda kwamba kirusi chake hukaa katika aina moja ya popo wa matunda walalao mapangoni na migodini. Popo wa aina hiyo wako pia katika mapango ya Pwani yetu. Basi watoto wasifanye pango la popo uwanja wa kuchezea, na kikundi kisiingie pangoni kuchimba samadi bila ushauri wa watu wa afya.

Ya tatu ni vumbi. Mavi ya popo au ya njiwa yakirundikana siku nyingi huota kuvu. Ukifagia makavu na kuvuta vumbi lake unaweza kupata ugonjwa wa mapafu unaofanana na kifua kikuu.

Na Korona? Virusi vinavyofanana nayo vimepatikana katika popo wa Asia. Lakini mwaka wa 2020 hapa Mombasa hatukuambukizwa na popo wa darini. Tuliambukizana sisi kwa sisi. Kumchoma moto popo wa Shimanzi kwa ajili hiyo ni kumpiga jirani kwa deni la mtu wa mbali.

Mmeona basi? Karibu hatari zote hizi zinakuja kwa kumshika, kumla, kumsumbua au kuingia kwake. Popo aliyeachwa aruke zake hamfuati mtu. Na kundi linalovurugwa kwa moshi na sumu ndilo linaloangusha popo wagonjwa chini, mahali mtoto anapocheza. Sisi hatukujiondolea hatari. Tuliiteremsha kutoka darini hadi sakafuni.

Kwa hivyo kariri haya na umfundishe kila mtoto:

1. Popo hashikwi kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa. Popo aliyelala chini mchana huenda ni mgonjwa. Mfunike kwa kopo, mwite mtu mzima.

2. Aking'ata au kukwaruza, hata kama damu haionekani, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno.

3. Nenda hospitali siku ile ile, useme wazi: "Nimeng'atwa na popo." Sindano zikianza, zimalizwe zote.

4. Tunda lililotobolewa na popo litupwe. Mengine yaoshwe.

5. Mgema afunike kibuyu chake mtini. Huko Bangladesh, ugonjwa mbaya uitwao Nipah umewapata watu waliokunywa utomvu mbichi wa mtende uliochafuliwa na popo usiku, na wanakijiji wakafundishwa kufunika vyungu vyao kwa mikeka ya mianzi. Ugonjwa huo ni wa huko Asia, lakini fundisho la kufunika ni letu sote.

AKIWA DARINI: KUMTOA BILA KUMWUA

Kupatana na popo si lazima mlale chumba kimoja. Chumba cha chakula, zahanati, darasa na jikoni si mahali pake. Anaweza kuombwa ahame, ila kwa utaratibu.

Kwanza, tazama. Jioni mbili au tatu kaeni nje, watu wawili kila upande wa nyumba, mwone anatokea wapi. Popo mdogo hupita kwenye upenyo usiozidi unene wa kidole gumba.

Pili, ngoja watoto wakue. Mara nyingi watoto huwa wengi wakati wa mvua, wadudu wanapojaa. Ukiwa na shaka, chungulia kwa tochi: watoto hawana nywele nyingi, nao hubaki darini mama zao wakitoka. Ukiwaona, subiri wiki kadhaa hadi waruke wenyewe.

Tatu, ziba matundu mengine yote, ubakishe lile kubwa wanalolitumia.

Nne, tundika pazia. Chukua kipande cha wavu wenye matundu madogo, au karatasi ya nailoni, ukipigilie juu ya tundu na pembeni, chini ukiache wazi kining'inie kama futi mbili. Popo akitoka huteleza chini na kuruka. Akirudi, hutua pale pale alipozoea na kukuta pamefunikwa. Akijaribu mara kadhaa huenda kutafuta mahali pengine.

Tano, acha pazia wiki nzima. Jioni ya mwisho hakikisha hakuna anayetoka tena, ndipo umwite fundi azibe kwa saruji au wavu wa chuma.

Sita, safisha. Funga kitambaa kizito au barakoa puani, vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi. Nyunyiza maji kwanza, mavi yalowe, ndipo uyakusanye kwa koleo. Yafukie katika shimo la mbolea pamoja na majani, yaive kabla ya kwenda shambani. Kisha oga na ufue nguo.

Usitumie moshi, sumu ya panya wala petroli. Na kama mnakinga maji ya mvua kutoka bati, yaacheni maji ya mwanzo yapite chini kabla ya kuyaelekeza tangini, na tangi liwe na mfuniko. Hilo ni jema hata pasipo popo, maana kunguru na paka nao wapita juu.

AKILA MAEMBE

Wakulima huniuliza, "Sasa Mwalimu, wewe wamsifu popo, na maembe yangu?" Swali la haki. Popo hupenda tunda lililoiva. Embe la kwenda sokoni kwa kawaida huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, kwa hivyo anayechuma kwa wakati hupoteza kidogo. Anayengoja yaive mtini hugawana na popo. Maembe machache ya nyumbani yanaweza kufungwa katika mifuko ya karatasi au vitambaa vyepesi. Ukitumia wavu, uvute ukaze sana: wavu uliolegea hunasa popo na ndege, na aliyenaswa ndiye ang'ataye. Na miti ya matunda ya porini tusiikate yote. Popo mwenye mkuyu wa kula hana haraka na mwembe wako.

WENGINE WALIFANYAJE?

Tusidhani haya ni ya wazungu tu. Tuvuke bahari kidogo hadi Pemba. Huko kuna popo mkubwa ambaye hayuko mahali pengine popote duniani. Mbawa zake zikinyooshwa hufikia mita 1.6. Watu walimwinda kwa nyama na misitu ikakatwa, hata mwaka wa 1996 akaandikwa katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Idara ya misitu ya Zanzibar na wenzao wa shirika la Fauna & Flora International wakakaa na wanavijiji. Hawakuanza kwa kutisha watu. Walianza kwa kueleza, wakaunda vikundi vya kuwalinda popo na kuwafundisha watoto shuleni. Kijiji cha Kidike kikalinda mahali wanapolala, wageni wakawa wanalipa kiingilio kidogo kuja kuwatazama. Miaka kama kumi hivi baadaye popo waliohesabiwa Pemba walipita 20,000. Popo wale wale waliokuwa kitoweo sasa walileta pesa wakiwa hai.

Hapa Kwale, pango la kihistoria la Shimoni linaendeshwa na wenyeji. Mgeni huja kusikia habari za utumwa, na popo wako darini mwa pango. Kiingilio husaidia shughuli za kijiji.

Na huko Marekani, katika mji wa Austin, daraja moja lilikarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nyufa zilizobaki chini yake zikawapendeza popo. Wakaja kwa malaki. Watu wa mji wakaogopa, wakataka wauawe. Mtaalamu Merlin Tuttle alihamia pale mwaka wa 1986 na shirika lake la kuwatetea popo. Akazunguka akieleza kwa subira: msiwashike, nao hawatawadhuru. Leo hukaa chini ya daraja lile hadi popo milioni moja na nusu wakati wa kiangazi, na watu husafiri kuja kuwatazama wakitoka jioni.

Pemba na Austin hawafanani kwa dini, lugha wala mfuko. Wanafanana kwa neno moja: mtu aliwaeleza majirani zake ukweli wote, faida na hatari, akawaachia waamue.

TURUDI SHIMANZI

Tulikodi chumba kingine, mlango wa tatu kutoka kile. Nacho kilikuwa na popo. Safari hii tulimwita yule mzee mlinzi, tukamwomba radhi, akatuonyesha tundu. Tuliweka pazia la nailoni, wiki ikapita, fundi akaja Jumamosi. Gharama ilikuwa misumari, nailoni na nusu mfuko wa saruji. Hakuna popo aliyekufa, na gunia halikuchafuliwa tena. Dada wa viazi karai alipata mkopo wake, na sasa anauza karibu na lango la malori.

Popo wenyewe wamehamia kwenye ukuta mkuukuu ng'ambo ya reli. Jioni tukifunga stoo twawaona wakizunguka taa kubwa za bohari, wakiwinda. Yule mtoto aliyeng'atwa husimama na mamake kuwahesabu. Mikono yake huwa mifukoni. Nilimwuliza kama anawaogopa. Akasema, "La, Mwalimu. Lakini siwashiki." Mkutano wetu mzima wa siku ile haukufikia hekima hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu watu husema nini juu ya popo? Lipi tumeliona kwa macho, na lipi tumelisikia tu?

2. Ni miti gani kwetu inayohudumiwa na popo? Nani anapata riziki kutokana na miti hiyo?

3. Mtoto akig'atwa na popo au mbwa usiku huu, hospitali iliyo karibu yenye chanjo iko wapi? Nauli itatoka mfuko gani? Tuandike jibu ukutani.

4. Mbwa wetu wamechanjwa? Nani atamwita afisa wa mifugo?

5. Kuna jengo letu lenye popo: darasa, kanisa, msikiti, stoo? Wiki hii tuchague watu wawili wakae nje jioni, watazame tu. Wasizibe kitu bado.